Chaki si minervali: kisa cha Madamu wa darasa la tatu, Kadutu

Jumatatu ya tarehe 11 Septemba 2023, juma la pili la mwaka wa shule, Madamu wa darasa la tatu aliwagawia watoto wake 82 vikaratasi. Alikuwa ameviandika kwa mkono usiku kwa mwanga wa simu, maana umeme wa Kadutu, komune yetu ya jiji la Bukavu, mashariki mwa Kongo, una ratiba yake na haumwambii mtu. Kikaratasi kilisema: "Mzazi mpendwa, darasa halina chaki. Tunaomba franga 1,000 tusaidiane. Mungu awabariki." Wakati ule dola moja ilikuwa karibu franga 2,500. Aliomba chini ya nusu dola, na aliomba kwa adabu.

Jumatano watoto 13 hawakuja.

Mimi nafundisha darasa la nne katika shule hiyo hiyo. Ukuta unaotutenganisha ni wa mbao. Mtoto wake akipiga chafya, wangu wanampa pole. Asubuhi ile nilimsikia akiita majina, nikasikia na kimya kilichofuata kila jina lisilo na mwenyewe. Wakati wa mapumziko aliniambia, "Labda ni malaria." Hakuna malaria inayochagua darasa moja siku moja.

Kufikia Alhamisi watoto 31 walikuwa wamelipa, jumla franga 31,000. Siku hiyo hiyo baba mmoja alipanda mpaka ofisini kwa Direkta, mkuu wa shule yetu, kikaratasi mkononi, akauliza kwa sauti iliyofika uwanjani: "Papa Direkta, gratwite imekwisha siku gani?" Gratwite ndiyo elimu ya msingi ya bure. Mtu mwingine, hatujui nani, alikuwa ameshapiga simu kwenye ofisi ya elimu. Direkta hakuwa na pa kukimbilia. Wenzake wengine wameshasimamishwa kazi kwa pesa ndogo kama hizo. Alimwita Madamu akamwambia arudishe kila kitu kabla ya Jumamosi.

Alirudisha. Ila siku ya kurudisha, watoto 33 walinyoosha mkono kwamba walilipa. Madamu hakuwa ameandika majina, alikuwa anapokea tu na kutia kwenye bahasha. Angemwita nani mwongo mbele ya wenzake, mtoto wa miaka minane? Aliongeza franga 2,000 kutoka kwenye pesa ya mandazi anayouza jioni mbele ya nyumba yao. Ziweke kumbukumbuni hizo franga 2,000.

Nyuma ya kikaratasi

Nimesikia watu wakikieleza kisa hiki kwa neno moja: umaskini. Wazazi hawana, basi. Mimi sikubali, na sababu yangu ni rahisi. Mtaa ule ule, mwezi ule ule, ulifanya harusi mbili. Komite ziliundwa, kadi zikatembea, na watu waliokosa elfu moja ya chaki walitoa dola 10, wengine 20, na mmoja alitoa kreti mbili za soda. Umaskini upo, nani asiyeujua, lakini haukueleza kwa nini mtoto alizuiliwa nyumbani. Mzazi asiye na elfu moja angeweza kumtuma mtoto mikono mitupu. Hakufanya hivyo, na hapo ndipo pa kuchimba.

Katiba yetu ya 2006, kifungu cha 43, inasema elimu ya msingi ni ya lazima, na ni bure katika shule za Serikali. Sentensi hiyo ililala kwenye karatasi miaka 13, mpaka Septemba 2019, Rais Félix Tshisekedi alipoamuru itekelezwe. Kabla ya hapo mzigo ulikuwa kwa wazazi. Tangu mwanzo wa miaka ya 1990, mishahara ya Serikali ilipokuwa haifiki au inafika ikiwa haitoshi hata mfuko wa unga, wazazi ndio waliokuwa wakiwalipa walimu kile tulichokiita primu, juu ya minervali, yaani ada ya shule, juu ya pesa za karatasi za mtihani, juu ya pesa za hiki na kile. Kila mtu wa umri wangu aliyesoma Bukavu anaikumbuka asubuhi ile: Direkta anaingia na orodha, anasoma majina polepole, na wenye majina wanachukua mabegi yao na kutoka. "Kufukuzwa juu ya minervali" ni maneno tuliyoyajua kabla ya kujua kuzidisha.

Wazazi wa watoto wa Madamu ndio sisi wenyewe, tuliofukuzwa. Karatasi yoyote inayotoka shuleni kwa mkono wa mtoto ikiwa na tarakimu ndani yake, wanaisoma kwa macho ya wakati ule.

Kuna jambo la pili, na hili linauma kulisema. Madamu hakuwa analipwa. Gratwite ilipoanza, madarasa yalijaa, walimu wapya wakachukuliwa, na wengi wao majina yalikuwa hayajaingia kwenye orodha ya mishahara. Tunawaita NU, kwa Kifaransa "nouvelles unités". Primu ya wazazi ilikuwa imekatazwa, mshahara wa Serikali ulikuwa haujafika, na mwalimu alikaa katikati. Mtaa mzima ulijua kwamba Madamu ni NU. Kwa hiyo alipoandika "chaki", kuna waliosoma "unga". Sidhani walimlaumu hata kidogo. Wengine walimwonea huruma. Lakini huruma ya namna hiyo haileti chaki, kwa sababu anayetoa anaamini anatoa kitu kingine.

Na jambo la tatu ni dogo, nalitaja kwa sababu lilinichekesha. Shule yetu ni ya Serikali lakini inasimamiwa na kanisa, kama zilivyo nyingi tangu mkataba wa 1977 kati ya Serikali na makanisa. Mzee mmoja aliniuliza njiani, bila utani: "Kwani Padri hana chaki?" Kwa wengi, shule yenye msalaba juu ya mlango haiwezi kuwa maskini. Pesa ya uendeshaji ambayo Serikali huipatia shule ni kidogo na ina tabia ya kuchelewa, lakini hilo halionekani kutoka barabarani. Msalaba unaonekana.

Mama wa maharagwe

Ijumaa jioni tuliteremka, Madamu na mimi, kuwatafuta wale 13. Wawili walikuwa wagonjwa kweli. Wawili walikuwa wamehama na wazazi wao kwenda ng'ambo ya mji. Waliobaki tisa walikuwa nyumbani, wazima, wengine wakiteka maji.

Nyumba ya nne tuliyoingia ilikuwa Cimpunda, chini ya ngazi za udongo ambazo mvua ikinyesha hushuki, unateleza. Mama alikuwa anachagua maharagwe ya kuuza kesho yake sokoni Kadutu. Alitupa viti, akaendelea kuchagua.

"Madamu, mimi sikukatala," alisema. "Nilikuwa natafuta ile elfu. Sikutaka mutoto afukuzwe mbele ya benzake."

"Lakini mama, sikuandika kwamba nitamfukuza."

"Karatasi ya masomo haisemaka. Sisi tunajua kuisoma."

Nimewahi kuhudhuria semina za siku tatu zenye chai na mkate ambazo hazikunifundisha kiasi hicho.

Tukaendelea kuongea, na ikatoka kwamba mama huyu ndiye mtunza sanduku wa AVEC ya wanawake wa safu yao ya soko. Kwa asiyeijua, AVEC ni chama cha kuweka na kukopeshana, watu 20 au 25, mtindo ulioanzia Niger mwaka 1991 na leo hakuna mtaa wa Kivu usio nao. Pesa zinakaa kwenye sanduku la chuma lenye kufuli tatu. Funguo zinashikwa na watu watatu tofauti, na sanduku linakaa kwa mtu wa nne. Halifunguliwi ila mbele ya wote, na pesa zinahesabiwa kwa sauti. Basi mama huyu alikuwa na mamia ya dola za wenzake chini ya kitanda, na mfukoni hakuwa na elfu moja. Sioni mkanganyo hapo. Ndiyo maana wenzake walimpa sanduku.

Madamu alimsimulia yote, pamoja na wale watoto 33. Mama aliacha maharagwe.

"Uliombaka peke yako, ukashikaka peke yako, na haukuandika?"

"Ndiyo."

"Sisi ku AVEC, hata malaika akifanya vile tunamufukuza."

Kutoka hapo kazi ilibadilika sura, na nataka ieleweke kwamba haikubadilishwa na walimu. Jumamosi ya tarehe 30 Septemba, baada ya masomo, COPA, yaani komite ya wazazi, ilikaa kwenye darasa la sita. Mama wa maharagwe alikuja na wenzake wanne. Direkta alifungua kikao kwa kusema mara tatu kwamba shule haiombi pesa, akaketi, na akabaki ameketi, jambo ambalo ninampongeza. Yaliyoamuliwa yalikuwa machache. Ombi litatoka kwa wazazi, si kwa mwalimu. Halitapita mikononi mwa mtoto hata mara moja. Litaenda kwa watu wa mtaa na wa soko, wenye mtoto shuleni na wasio naye. Tutaomba vitu, pesa tuipokee pale tu ambapo kitu hakiwezekani. Na vitu vitakaa kwa mama, siyo shuleni, kwenye kabati lisilo na mlango.

Kazi yangu ilikuwa orodha. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu orodha ndiyo iliyofanya watu wabebe.

Mara ya kwanza niliandika "chaki, madaftari, biki, viti". Mama aliirudisha. "Chaki ngapi?" Sikujua. Miaka tisa nafundisha, sikujua darasa linakula chaki ngapi. Tulihesabu: Madamu anatumia vijiti 4 kwa siku, siku 6 kwa juma. Kwa majuma 36 ni vijiti 864. Boksi moja lina 100. Tukaandika boksi 10, tukijua vingine huvunjika. Madaftari: watoto 29 hawakuwa nayo ya kutosha, kila mmoja anahitaji matano, jumla 145. Biki mbili kwa kila mmoja wao, 58. Madawati: yalikuwa 19, watoto wanne kwa kila moja, ni watoto 76, sita wanakaa kwenye mawe. Nyuma ya darasa kulikuwa na mawili yaliyovunjika. Yakitengenezwa yanakuwa 21, na hakuna mtoto wa kukaa kwenye jiwe. Hatukuhitaji dawati jipya hata moja. Tulihitaji fundi wa nusu siku na misumari.

Halafu vibao. Hilo ndilo wazo la Madamu lenyewe, na kwa maoni yangu ndilo lililookoa mwaka. Kwenye darasa la watoto 82, mwalimu akiuliza swali anajibiwa na wale watano wa mbele. Kila watoto wawili wakiwa na kibao cheusi kidogo, wanaandika jibu, wanakiinua juu, na mwalimu anaona darasa zima kwa mara moja. Kisha wanafuta. Daftari linabaki kwa kazi ya mwisho tu, na linadumu. Vibao 41.

Orodha ikiwa na namba, mtu anaweza kuchukua mstari wake. Muuza vifaa vya ujenzi alisoma orodha akasema, "Triplex moja iko ngapi hapo?" Fundi mmoja wa Nyamugo akapima: ubao wa sentimita 122 kwa 244, ukikatwa vipande vya 30 kwa 25, unatoa 36. Vitano vilivyobaki alivitoa kwenye mabaki yake ya kazi ya kabati. Alikata, akapiga msasa pembe, akapaka rangi nyeusi mara mbili, na alipomaliza akaja kukaa kwenye dawati la nyuma saa nzima kuangalia vinavyotumika. Angeulizwa elfu moja ya chaki, angetoa na kusahau.

Watu pia walileta tusichoomba. Nguo kuukuu, ambazo tulipeleka kanisani. Vikoba vya hesabu vya sekondari, vyenye bikari, ambavyo tulimpa mwalimu wa sekondari jirani naye akatulipa kwa boksi la chaki. Rundo la kalenda za mwaka uliopita, zenye picha ya chupa ya bia upande mmoja na nyeupe upande wa pili; nyeupe hiyo ndiyo herufi kubwa za Kiswahili zilizo ukutani kwa Madamu mpaka leo. Ukizigeuza ni bia. Hatuzigeuzi.

Ukuta

Kosa lililofuata ni langu.

Nilifikiri kwamba mtu akitoa anapenda aonekane. Nikaandika kwa kalamu nene kwenye karatasi kubwa: fulani, madaftari 10, fulani, biki 5, familia fulani, boksi 1. Nikaibandika kwenye ukuta wa darasa la tatu, nikaona nimefanya kazi ya uwazi.

Siku ya nne mtoto mmoja, baba yake ana pikipiki mbili za kazi, alisimama mbele ya karatasi ile akasoma jina la kwao kwa sauti. Akamgeukia mwenzake: "Kwenu iko wapi?" Mwenzake, anayelelewa na bibi, hakujibu. Kesho yake hakuja shuleni. Nilikuwa nimeutengeneza upya ule ugonjwa wa Jumatano, safari hii kwa kalamu nene.

Karatasi ilishuka siku hiyo hiyo. Mahali pake Madamu aliandika orodha ya vitu tu: vimekuja vingapi, vimebaki vingapi. Majina yalihamia kwenye daftari la mama, la kurasa 100, lenye safu tatu: kitu, kimetoka kwa nani, kiko wapi sasa. Kila Jumamosi mtu mmoja wa COPA alilisoma kwa sauti mbele ya waliofika. Wafanyabiashara wawili walinung'unika kwamba jina lao halionekani tena. Mmoja aliacha kutoa. Sijui kama angeendelea. Najua yule mtoto alirudi.

Madaftari yenye uso

Kampeni ya uchaguzi wa tarehe 20 Desemba 2023 ilifunguliwa tarehe 19 Novemba. Wiki ile ile, vijana wenye fulana za rangi moja walishusha katoni langoni kwetu: madaftari 200, jalada lote ni uso wa mgombea, anacheka, na namba yake chini. Kumbuka orodha yetu. Kufikia tarehe 11 Novemba tulikuwa na boksi 7 za chaki, vibao vyote 41, madawati mawili yamepona, biki 70, zaidi ya tulizoomba, maana biki ni rahisi kutoa. Madaftari 96. Yalikuwa yanakosekana 49, na hapo langoni palikuwa na 200.

Sitasema uamuzi ulikuwa mwepesi. Mimi nilisema tupokee tu, mtoto hapigi kura. Mama wa maharagwe alisema neno moja, "Kesho atakuja mwingine, naye utamwambia nini?" COPA ikawajibu wale vijana kwa heshima: shule si uwanja wa kampeni, ila barabara ni ya wote. Wakagawa barabarani. Jumatatu karibu nusu ya darasa iliingia na uso uleule chini ya kwapa.

Madamu hakugombana na mtu. Aliomba mifuko mitupu ya simenti kwa wajenzi, akaikung'uta, akawafundisha watoto kufunika daftari, pembe kwa pembe. Lilikuwa somo zuri la jiometri. Mgombea alibaki ndani, anacheka gizani.

Dola mia moja

Sehemu hii ndiyo ninayoulizwa sana, na ndiyo nisiyoimaliza vizuri.

Kijana mmoja aliyesoma shule yetu zamani yuko Bulaya. Dada yake alimtumia habari zetu kwa WhatsApp. Akaandika kwamba anataka kusaidia, ila atumiwe picha za watoto: wasio na viatu, waliokaa kwenye mawe, "watu wa huku waone". Nia yake ilikuwa safi, sina shaka. Alitaka awaombe na rafiki zake. Madamu alisoma ujumbe mara mbili, akaniuliza, "Huyu aliyekaa kwenye jiwe mwezi wa tisa, akiwa waziri siku moja, atafurahi kuiona hiyo picha?" Mawe yenyewe yalikuwa yameshatoka nje. Angewarudisha watoto juu yake wapigwe picha?

Alituma picha ya vibao 41 vimepangwa kwenye nyasi vikikauka, na ya mikono minane juu ya dawati moja. Sura hakuna. Kijana alikaa kimya siku tano, tukadhani ndiyo mwisho. Siku ya sita, tarehe 25 Novemba, dola 100 ziliingia kwenye simu ya mama, na ya kutolea juu yake, kama anavyofanya mtu aliyelelewa vizuri.

Karibu franga 250,000. Habari ilipanda ngazi za Cimpunda kabla ya sisi.

Jumamosi tatu zilizofuata, tarehe 2, 9 na 16 Desemba, daftari la mama liliandikwa mistari miwili tu. Muuza ndizi aliyekuwa akileta daftari moja kila juma, moja, hakuleta tena. Nilipomuuliza alishangaa: "Si munapata za Bulaya?" Sikuwa na jibu. Daftari lake moja lilikuwa na uzito mbele ya madaftari mengine ya mtu mmoja mmoja. Mbele ya dola mia moja lilionekana takataka, na mtu hapendi kutoa takataka.

Wakati huo huo, chumba cha walimu kilikuwa kimepoa. Shule ina madarasa 12. Kumi na moja hayakuwa na vibao wala orodha wala mtu wa Bulaya. Hakuna aliyesema kitu waziwazi, ila nilisikia "Madamu wa maprojekti" likisemwa na mtu akiangalia dirishani. Walikuwa na haki. Mimi mwenyewe, ukuta wa mbao katikati, darasa langu liliandika na vipande vya chaki alivyovitupa yeye.

COPA ilikaa tena. Wengine walitaka dola zile zimalizie madaftari ya darasa la tatu. Mama alikataa, akasema pesa ya mbali inunue kitu cha wote, na vitu vya karibu vibaki kazi ya watu wa karibu. Chaki ilikuwa franga 4,000 kwa boksi. Boksi 60, tano kwa kila darasa, franga 240,000. Zilizobaki 10,000 zilikwenda kwa mbebaji na kwa kufuli mpya. Baada ya hapo chumba cha walimu kilipata joto kidogo. Walimu wawili waliomba waonyeshwe lile daftari linavyoandikwa.

Muuza ndizi je? Alirudi Februari. Wengine hawakurudi. Nikiangalia nyuma naona tungepokea zile dola kimyakimya, lakini Kadutu kimyakimya haipo, na daftari linalosomwa kwa sauti halina ukurasa wa siri. Ukichagua kuhesabu mbele ya watu, unachagua na hasara yake.

Hesabu ya Julai

Mwisho wa mwaka wa shule madaftari yaliyofika yalikuwa 131. Yalikosekana 14. Madamu aliwakatia watoto watatu madaftari ya kurasa nyingi katikati na kuyashona kwa uzi, wakapata mawili kwenye moja. Biki zilibaki. Madawati 21 yalisimama yote, moja kwa msaada wa jiwe, yale mawe hatimaye yakapata kazi inayoyafaa. Madamu bado alikuwa NU.

Jumamosi ya mwisho mama alikuja na daftari lake kulisoma toka mwanzo. Alifungua ukurasa wa kwanza, akanyamaza, akamtazama Madamu juu ya miwani.

"Ile elfu mbili ya batoto babili. Iko wapi humu?"

Madamu alisema ile haikuwa msaada, ilikuwa kosa lake, na ilitokea kabla ya daftari kuwepo.

"Ilitoka mufuko ya nani?"

"Yangu."

"Basi mutu alitoa."

Juu ya mstari wa kwanza palikuwa na nafasi ndogo. Mama aliandika hapo, herufi zikibanana: franga 2,000, Madamu. Kwenye safu ya tatu, ya "kiko wapi sasa", alifikiri kidogo, akaandika: kwa batoto babili.

Kisha akaendelea kusoma. Vibao 36 vizima, vitatu vimevunjika, viwili havijulikani viko wapi. Fundi wa Nyamugo, aliyekuwa amesimama mlangoni, akasema vile vitatu avipewe.